Faini ya Mwendokasi Isigeuke Bei

Faini ya mwendokasi yenye kiwango kimoja kwa madereva wote huonekana ya haki kwa sababu haimbagui mtu, lakini mimi naamini kwamba ndiyo inayobagua kuliko zote. Kibarua anayeendesha gari la mwajiri wake akitozwa kiasi hicho, huenda nyumbani kwake wakakosa kodi ya mwezi. Mwenye mali akitozwa kiasi hichohicho hulipa papo hapo, na kesho yake hupita palepale kwa mwendo uleule. Kwake yeye faini imekwisha kuwa bei, na anachokinunua kwa bei hiyo ni ruhusa ya kuhatarisha maisha ya wanaovuka barabara.

Ufini ililitambua jambo hili zamani. Tangu mwaka 1921 nchi hiyo imekuwa na faini zinazohesabiwa kwa siku: uzito wa kosa huamua idadi ya siku, na thamani ya kila siku hukadiriwa kutokana na kipato cha mkosaji. Makosa madogo ya mwendo hutozwa kiwango maalumu, ila dereva akizidisha kikomo kwa zaidi ya kilomita 20 kwa saa, kipato chake huingia katika hesabu. Mwaka 2023, katika visiwa vya Åland, tajiri mmoja aliyekutwa akienda kilomita 82 kwa saa mahali panaporuhusiwa 50 alitozwa euro 121,000. Habari hiyo ilienea duniani kama kioja, nami sikuona kioja chochote ndani yake.

Wapo wanaosema kwamba kosa ni lile lile, awe amelitenda tajiri au maskini, na kwa hiyo malipo yawe yale yale. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa aliyegongwa haumii kidogo kwa sababu ya umaskini wa aliyemgonga. Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, hivi kwamba gari linalokwenda kilomita 82 kwa saa hubeba nishati karibu mara 2.7 ya lile linalokwenda 50. Lakini faini haitozwi ili kufidia madhara hayo, ambayo mara nyingi bado hayajatokea. Hutozwa ili dereva apunguze mwendo kabla hayajatokea. Ikiwa haimgusi, haijafanya kazi yake, hata kama risiti yake inafanana na ya jirani.

Hata hivyo, ukubwa wa faini peke yake hautoshi. Dereva anayejua kwamba trafiki husimama mahali pamoja, saa zilezile, hupunguza mwendo hapo tu kisha akaongeza tena. Kamera zinazopima mwendo wa wastani kati ya vituo viwili hazimpi nafasi hiyo, na zaidi ya hayo huondoa mazungumzo ya pembeni kati ya dereva na askari, ambayo huua sheria kuliko upungufu wowote wa vifungu vyake.

Kwa wale wanaorudia, napendelea alama za leseni kuliko fedha. Ufaransa ilianza utaratibu huo mwaka 1992: leseni kamili ina alama 12, anayezidisha kikomo kwa kilomita 50 kwa saa au zaidi hupoteza 6, na alama zikimalizika leseni hupotea. Ni kweli kwamba tajiri anaweza kumwajiri dereva wakati mwenye teksi anapoteza riziki yake, na kwa sababu hiyo makosa madogo yapunguze alama chache na zirudishwe baada ya muda wa kuendesha bila kosa. Kwa makosa makubwa sioni sababu ya huruma, na leseni ikishazuiwa pasiwepo njia yoyote ya kuikomboa kwa fedha.