Mbuzi wa mjomba na paka wangu wa Houston

Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipoleta mafuriko Houston, Marekani, niliingia ukumbi wa mazoezi wa shule moja uliogeuzwa kambi nikiwa nimelowa mpaka kiunoni, mkoba mgongoni, na paka ndani ya kikapu cha nguo chafu nilichokifunika kwa kanga. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Kwetu Malindi, mtu akifika kambini na mnyama huambiwa amwache nje.

Mama aliyekuwa mlangoni hakuniuliza kwa nini nimekuja na paka. Aliuliza kama amechanjwa kichaa cha mbwa. Akanifunga utepe wa karatasi mkononi, akafunga mwingine wenye nambari ile ile kwenye kizimba, akanionyesha chumba: paka humu, mbwa kule ng'ambo ya uwanja wasisikiane. Kumlisha na kuzoa kinyesi ni kazi yako mwenyewe, asubuhi na jioni. Basi. Usiku ule nilipata usingizi kwenye kitanda cha turubai, na nyumba yangu iko majini.

Wamarekani hawakuanza hivi. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipozamisha New Orleans, watu waliojazana uwanja wa michezo wa Superdome walipandishwa mabasi bila wanyama wao. Mtoto mmoja mdogo alinyang'anywa mbwa wake, Snowball, akaita jina lile huku analia mpaka akatapika. Habari ile ilizunguka nchi nzima. Wengine hawakufika hata kwenye basi: walibaki majumbani maji yakipanda kwa sababu hawakukubali kuacha mbwa au paka. Oktoba 2006 Rais George W. Bush akatia saini sheria iitwayo PETS Act. Jimbo au mji unaotaka pesa za FEMA, shirika la serikali yao la kushughulikia majanga, mpango wake wa kuhamisha watu sharti useme wanyama wa nyumbani watawekwa wapi. Harvey ilipotupiga mimi na wenzangu, hata lile jumba kubwa la George R. Brown katikati ya Houston, lililopokea watu zaidi ya 10,000, liliwafungulia milango wenye wanyama.

Sasa nije nyumbani.

Masika ya 2024. Anayeujua mto Sabaki anajua kwamba maji yake hayatoki kwetu. Yanatoka pande za Nairobi na Ukambani kwa mto Athi, yanakutana na ya Tsavo, yanaitwa Galana, mpaka yakikaribia bahari ndipo yanaitwa Sabaki. Kwetu kunaweza kuwa kweupe pee na mto ukaingia shambani usiku. Maana yake, siku za kujiandaa huwa zipo, mvua ikishanyesha kule juu.

Mjomba wangu, nduguye mama, analima kandokando ya mto upande wa Magarini. Naibu wa chifu alipita na bodaboda kuwaambia wahame. Mkaza mjomba na watoto wakaenda shule ya msingi iliyo mlimani. Mjomba hakwenda. Alikuwa na mbuzi 14, na shuleni walikuwa wameshasema mifugo haiingii. Akakaa siku tatu, usiku na mchana, juu ya kichuguu kilichozungukwa na maji, amejifunika gunia la nailoni, mbuzi amewafunga kwa kamba moja ndefu ili akisinzia ashtuke wakivuta. Usiku alikuwa akisikia viboko wakikoroma karibu. Mto ukifurika, kiboko hana mpaka.

Nilimpata kwa simu mara mbili tu kabla chaji haijaisha. Nikamwambia, "Mjomba, roho kwanza. Mbuzi watapatikana." Akanijibu, "Mwanangu, watapatikana kwa nani?"

Sikuwa na la kusema. Mimi maji yalipopungua nilijaza fomu ya FEMA, nikapata pesa za kupanga chumba na kununua godoro. Paka wangu nampenda, lakini hanilipii kodi. Mbuzi wa mjomba ndio benki yake, ndio bima yake, ndio karo ya muhula. Akiwapoteza hakuna fomu ya kujaza popote. Kwa hiyo tunapomwambia mtu wa Sabaki aache mbuzi akaokoe roho, tunamwambia atoke majini akaanze maisha mikono mitupu, naye analijua hilo kabla yetu. Ndiyo maana habanduki.

Ile sheria ya Marekani, ukiisoma vizuri, mbuzi hawamo. FEMA wanahesabu mbwa, paka, ndege, sungura, hata kobe; mifugo na farasi wamewekwa kando. Sisemi tuichukue tukaibandike Kilifi. Tunachohitaji kutoka kwao ni lile walilojifunza kwa machozi, kwamba kimbilio lisilo na mahali pa mnyama litakimbiwa na mwenye mnyama. Wala wasinambie kwamba kujali mnyama ni mambo ya Wazungu. Lamu punda wana kliniki yao tangu 1987.

Mwalimu mkuu aliyekataa mbuzi simlaumu, ana sababu. Mvua za El Niño za 1997 zilileta homa ya Bonde la Ufa kaskazini mashariki, ikaua mifugo na watu; mwishoni mwa 2006 ikarudi tena. Huenezwa na mbu, na pia kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa, kama wakati wa kuchinja. Huwezi kulaza mbuzi na watoto darasa moja. Lakini kutoka hapo mpaka kusema "haiingii" kuna nafasi kubwa sana. Zizi la miiba na nguzo linaweza kuwa upande wa pili wa uwanja, chini ya mteremko, mbali na kisima. Kila nyumba ipake mbuzi wake rangi yake. Chanjo zitolewe mapema, kabla ya mvua, na daktari wa mifugo wa kaunti awe kwenye orodha ya wanaoitwa siku ya kwanza, pamoja na Msalaba Mwekundu. Anayetaka vipimo, vipo: miongozo ya Sphere, ile ya kimataifa ya misaada wakati wa majanga, inataka kila mtu apate mita za mraba 3.5 za kukaa, na ya mifugo wakati wa majanga, iitwayo LEGS, ilitoka 2009. Hakuna kinachosubiri kuvumbuliwa.

Jambo la pili ni kutoka. Kule Houston, siku ya tatu, mama mwenye daftari alipita kitanda kwa kitanda akiuliza: ukitoka hapa unakwenda wapi, na kinachokuzuia ni nini? Mzee wa kitanda cha pili yangu alizuiwa na kitu kimoja, dawa zake za sukari zilizobaki nyumbani. Likaandikwa, likashughulikiwa, akaondoka kesho yake kwa bintiye. Kwetu, muhula ulikuwa umeahirishwa nchi nzima, na shule zilipofunguliwa Mei 13 kina mkaza mjomba wakaambiwa wapishe masomo. Watoto lazima wasome, sikatai. Lakini hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi. Walirudi kwenye nyumba ya udongo iliyoanguka ukuta mmoja, mbegu zimeoza, kitambulisho kimeloa mpaka picha haionekani. Mbuzi walikuwa wamebaki tisa. Mjomba akauza wawili, akanunua mbegu, misumari na mabati machache, akaanza.

Kuna kitu ambacho Houston hawakuwa nacho, na kinaniuma kukikumbuka. Siku sita nilizokaa pale niliitwa kwa nambari ya mkononi. Kule Magarini, ananiambia mkaza mjomba, usiku wa kwanza tu wanawake walikuwa wameshaunganisha masufuria, watu wa juu wakateremsha mihogo na nazi, na kila mtoto alikuwa na mtu mzima wa kumlaza hata kama si mzaziwe. Utaratibu wowote utakaoletwa, na usije ukavunja hilo kwa mafomu.

Wiki iliyopita nilizungumza na mjomba. Amekwenda na wazee wenzake kwa mwalimu mkuu, wamepima kwa hatua kipande cha nyuma ya uwanja: hatua thelathini kwa ishirini. Mwalimu amekubali, mradi zizi liwe limesimama kabla ya mvua za vuli. Nguzo nimetuma pesa zake. Kilichobaki ni hori la maji, na barua kwa ofisi ya mifugo, ambayo ameniomba nimwandikie.