Ua Lina Sifa, Mtambaazi Hauna Hata Picha

Kila baada ya muda picha ile ile hurudi kwenye simu zetu: ua kubwa jekundu lenye madoa meupe, limekaa chini kwenye majani makavu, na mtu kachuchumaa pembeni ili tuone ukubwa wake. Ni raflesia ya Sumatra, ua kubwa kuliko yote duniani, ambalo hufika mita 1 kwa upana. Watu wanashangaa, wanasambaza. Mimi kila nikiiona natafuta kitu kingine, na karibu mara zote kimeachwa nje ya picha: mmea unaotambaa ambao ua hilo limetoka ndani yake.

Raflesia haina jani, haina shina, haina mzizi. Maisha yake inayapitisha mwilini mwa mtambaazi wa jamii ya mizabibu uitwao Tetrastigma, ikiwa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho. Maji ni ya mtambaazi, chakula ni cha mtambaazi. Kisha siku moja gome linavimba, linapasuka, tumba linachomoza. Tumba hilo huchukua miezi mingi kukua mpaka linafanana na kabichi la kahawia, halafu linafunguka kwa siku 5 hadi 7 tu, likinuka mzoga ili kuwaita nzi. Ua likishaoza, mtambaazi upo pale pale, unaendelea kulisha.

Sisi tuliokulia karibu na mibungo tunaijua mimea inayotambaa namna hii. Mguu wake uko hapa, mabungo yenyewe yananing'inia juu ya mti wa tatu kule. Bibi yangu hakutaka kabisa kutuona na panga karibu na shina la mbungo, maana ukilikata pale chini umekata kila kilichoko juu, hata usichokiona. Tetrastigma nayo ndivyo ilivyo: shina gumu kama mti, vikono vinavyojisokota kwenye matawi, mguu gizani na kichwa juani.

Mwaka 1818 Joseph Arnold, daktari aliyefuatana na gavana Mwingereza Stamford Raffles huko Sumatra, aliitwa na mtumishi wa Kimalei aliyekuwa ameliona ua hilo kichakani. Arnold akachukua panga la mtumishi yule yule, akalikata ua alipeleke kambini. Lilikuwa na uzito wa karibu kilo 7. Aliandika kwamba lilitokea kwenye mzizi mdogo uliolala chini, mnene kama vidole viwili. Mzizi ule haukuwa wa ua. Ulikuwa ndio mtambaazi wenyewe, na panga lilipita hapo hapo. Ua likapewa jina la Raffles na la Arnold, likaitwa Rafflesia arnoldii. Mtumishi hakutajwa jina. Huwa naumia nikifika hapo.

Tangu siku ile macho yetu hayajahama kwenye ua. Indonesia mwaka 1993 iliitangaza raflesia kuwa ua lake adimu la taifa, jambo zuri. Kule Ranau, katika jimbo la Sabah nchini Malaysia, wenye mashamba huzungushia uzio mahali tumba lilipotokea na kuwatoza wageni kiingilio. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote, maana pesa inabaki kwa mwenye shamba na msitu unapata wa kuutetea. Lakini uzio wa hatua chache hauwezi kuuzunguka mmea ambao kichwa chake kiko juu ya miti mingine kabisa.

Wakata mbao wa Malaysia wana kawaida ya kufyeka mitambaazi kabla ya kuangusha mti mkubwa, na sababu wanayo: mitambaazi hufunga vichwa vya miti pamoja, mmoja ukianguka unavuta mingine, mtu anaweza kufa. Sitamwambia mtu ahatarishe uhai wake kwa ajili ya ua. Ninachodai ni kwamba anayetangulia na panga awe amefundishwa kuitambua Tetrastigma, na ainame kwanza atazame kama kuna uvimbe kwenye gome. Utafiti uliotolewa 2023 ulikadiria kuwa kati ya spishi 42 za raflesia, 25 ziko kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kuhamia kwenye mmea wa jamii nyingine mtambaazi wake ukifyekwa.

Bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, ililifanya hili vizuri. Mwaka 2010 raflesia ilichanua mle bustanini, na haikuwa kwa kufukia mbegu ardhini. Walileta kipande cha mtambaazi chenye raflesia ndani yake, wakakiunga kwenye mtambaazi mwingine, wakasubiri. Kwa miaka kadhaa kabla ya tumba la kwanza, walichokuwa wakikilea ni mzabibu wa porini ambao hakuna mgeni aliyeomba kupiga nao picha.