Brashi, skrini na turubai: sanaa ya popu kwenye kuta za Kigoma

Ukipanda Barabara ya Lumumba kutoka stesheni ya Kigoma hadi Mwanga, unapita enzi kadhaa za sanaa bila kulipa kiingilio. Stesheni waliijenga Wajerumani, na reli ilifika ziwani mwaka 1914. Matao yake yanafuata mtindo wa majengo ya kale ya Ulaya. Huko juu vibanda vimepakwa rangi za kampuni za simu na soda, kuanzia kizingiti hadi paa. Mwaka 1962 Andy Warhol, msanii wa Marekani wa sanaa ya popu, yaani sanaa inayochukua picha za bidhaa na matangazo, alichora vitambaa 32 vya makopo ya supu ya Campbell's, kimoja kwa kila ladha. Yeye aliitoa chapa dukani akaipeleka kwenye ukumbi wa maonyesho. Kwetu chapa ndiyo iliyohamia kwenye ukuta wa duka, na ukuta wenyewe ukawa tangazo.

Wapo wanaosema uchapaji wa mashine umemkomboa mfanyabiashara mdogo: hata mama lishe sasa anapata bango lenye picha, siku hiyohiyo. Wengine wanasema umeua mkono wa fundi, na maduka yote yamekuwa na sura moja. Kila upande una ukweli wake. Kosa lao ni moja: wanaiweka skrini, ile fremu ya kitambaa ya kuchapia fulana kwa mkono, na mashine ya kuchapa mabango ya plastiki, yaani turubai, katika kapu moja.

Kurudia picha si jambo geni kwetu. Kanga ilianza mwisho wa karne ya 19 ikiwa na pindo na mji, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaongezwa jina, picha na maneno kwenye nguo moja, miongo mingi kabla wasanii wa popu hawajaweka maneno ya matangazo kwenye michoro yao. Kitenge kina historia ndefu zaidi. Chimbuko lake ni batiki ya Java, iliyochorwa kwa nta na mkono. Viwanda vya Uholanzi, kikiwemo Vlisco cha Helmond kilichoanza mwaka 1846, vikajaribu kuifanya kwa mashine. Utomvu uliotumika badala ya nta ulipasuka, rangi ikapenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba. Wanunuzi wa Java waliiona ni dosari, Waafrika wakaipenda. Leo mteja anayechagua vitenge vilivyovuka ziwa kutoka Kongo hukigeuza kitambaa kabla ya kuuliza bei. Ua likiwa kali pande zote mbili, ni waksi. Mgongo ukiwa umepauka, ni chapa ya upande mmoja. Mashine haikuua sanaa hapo, kwa sababu jicho la mnunuzi lilibaki kuwa kali.

Skrini ya kuchapia fulana iko karibu na kitenge kuliko inavyodhaniwa. Fremu ya mbao huwambwa kitambaa chenye nyuzi 43 hadi 55 kwa sentimita, kikaoshwa kwa sabuni kutoa mafuta, kikapakwa dawa inayoganda kwa mwanga, kisha kikakaushwa gizani. Filamu yenye mchoro mweusi hulazwa juu yake, kioo kikaigandamiza, ndipo fremu hutolewa juani. Muda hupimwa kwanza kwa kipande cha majaribio, kwa sababu jua la saa sita halilingani na la saa kumi. Ikikaa muda mfupi, dawa yote inaondoka na maji. Ikizidi, mistari myembamba inaziba na herufi ndogo hazifunguki. Wakati wa kuchapa, skrini hunyanyuliwa milimita 2 au 3 juu ya fulana ili iachane nayo mara raba ya kusukumia wino inapopita. Ikigusa moja kwa moja, wino unatapakaa. Kiangazi wino wa maji hukauka ndani ya nyuzi, na kila chapa inayofuata inapauka.

Kasoro hiyohiyo Warhol aliiacha kwa makusudi. Mwaka huohuo wa 1962, baada ya kifo cha mwigizaji wa filamu Marilyn Monroe, alirudia picha ya uso wake mara 50 kwa skrini. Upande mmoja ni rangi kali, upande wa pili ni weusi unaoziba na kufifia hadi sura inakaribia kupotea. Kwenye fulana za kampeni tunaliita kosa, na mteja ana haki ya kukataa mzigo. Ila inafaa kufahamu kwamba katika skrini mkono wa fundi bado unaonekana. Anayeshika raba ndiye anayeamua.

Turubai la plastiki ni habari nyingine. Fundi hupakua picha ya chipsi au ya mtindo wa nywele, mara nyingi ya nchi nyingine, akaongeza namba ya simu, mashine ikamaliza. Unafuu wake ni wa kweli na sioni sababu ya kuubeza. Lakini jua hula wino mwekundu na wa njano kwanza, ndiyo maana mabango ya zamani yanageuka bluu, na wali wa pilau unaonekana kama umeoza. Baada ya hapo ni plastiki tu, na ikichanwa na upepo wa ziwa inaishia mtaroni.

Ukuta uliochorwa vizuri hudumu kuliko turubai hilo, mradi maandalizi yasirukwe. Plasta mpya ikae wiki nne, la sivyo ukali wa saruji unaivunja rangi ya mafuta. Chokaa inayotoka unga ikwanguliwe, kwa sababu rangi hushika unga na kubanduka nao. Yapakwe makoti mawili ya rangi nyeupe ya maji, mistari ipigwe kwa kamba yenye chaki, ndipo herufi zifuate kwa brashi bapa na tarpentaini kidogo tu. Ikizidi, rangi inachuruzika.

Kwa duka la Mwanga au Ujiji ningeshauri hivi: skrini kwa fulana na mifuko, brashi kwa ukuta, turubai kwa sherehe ya siku moja. Mchoro ulioukubali uchapwe kwenye karatasi na fundi auhamishie ukutani kwa kuutoboa na kuupiga unga wa mkaa. Wachoraji wa Ulaya walifanya hivyo kwenye kuta za makanisa karne tano zilizopita. Sentimita 30 za chini zipakwe rangi nzito bila herufi, maana huko ndiko tope jekundu la mvua hurukia.