Kompyuta inalijua joto lake, mwenye nayo halijui

Mama mdogo wangu ana steshenari Mbagala. Anatoa fotokopi, anaprinti, anawajazia watu maombi ya ajira na ya mikopo ya wanafunzi mtandaoni. Kazi yote hiyo inategemea kompyuta moja ya mezani aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Februari, joto la Dar likiwa limekolea, kompyuta ile ikaanza kuzima yenyewe kila ikifika saa nane mchana. Inazima ghafla kama umeme umekatika, wakati taa inawaka na feni ya juu inazunguka. Fundi wa kwanza akabadilisha pawa saplai. Ikazima tena. Akabadilisha RAM. Ikazima tena, safari hii mteja akiwa katikati ya fomu ambayo mwisho wake ulikuwa siku ileile.

Ndipo mama mdogo akanipigia. Nilihisi ni joto, na kwa kuwa nilikuwa Dodoma, nikamwomba apakue programu moja ya bure ya kusoma joto la vifaa, kisha anisomee anachokiona.

"Mama, tafuta palipoandikwa temperatures."

"Nimepaona. Kuna vitu vingi hapa, baba. Kuna SYSTIN, kuna CPUTIN, kuna AUXTIN wanne."

"CPUTIN inasema ngapi?"

"Arobaini na moja. Lakini huyu AUXTIN mmoja anasema mia na ishirini na saba! Na mwingine kaandikwa hasi hamsini na tano. Nizime? Isije ikaniwakia moto hapa na makaratasi yote haya."

Akaizima, akaichomoa ukutani, akafunga duka mapema. Namlaumu nani? Mtu aliyeambiwa kwa namba kwamba ndani ya boksi lake kuna kitu chenye nyuzi 127 amefanya jambo la busara kabisa. Ila ile 127 haikuwa joto la kitu chochote. Ni mguu wa chipu ya kupima joto ambao haukuunganishwa na kihisi. Chipu hizi huhifadhi nyuzi nzima kwenye nafasi inayoanzia hasi 128 na kuishia 127, na mguu unaoning'inia bila waya hutoa namba za ajabu, mara nyingi zile za ukingoni kabisa. Ile hasi 55 nayo ni hivyohivyo. Na ile 41 iliyoonekana ya kutuliza moyo haikuwa joto la ndani ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Kwa jina la CPUTIN ungedhani ndiyo, lakini hicho kinaweza kuwa kihisi kilichokaa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, karibu na prosesa, kikipima hewa na ubao. Joto lenyewe la prosesa lilikuwa chini zaidi kwenye orodha, kwa jina jingine, na hakufika huko.

Niliporudi Dar nilikwenda moja kwa moja Mbagala. Prosesa ilikuwa inafika nyuzi 98. Vumbi lilikuwa limeganda kati ya mapezi ya kipoza joto kama zulia, na ile pesti inayokaa juu ya prosesa ilikuwa imekauka na kuwa unga. Bloa, pesti mpya, nusu saa, kazi imekwisha. Pawa saplai na RAM vilivyonunuliwa havikuwa na kosa lolote, na vile vilivyotolewa vilikuwa vizima.

Tangu siku ile jambo hili haliniishi moyoni, kwa sababu kompyuta ile ilikuwa inajua. Prosesa za siku hizi zina vihisi ndani ya kila kiini. Zikikaribia kikomo, ambacho kwa prosesa nyingi za Intel ni nyuzi 100 hivi, hupunguza kasi zenyewe, na joto likizidi kupanda huzima kila kitu ili zisiungue. Kwa hiyo kabla ya kila kuzima, mashine ilipima, ikalinganisha, ikaamua. Mtu pekee ambaye hakuambiwa ni yule aliyeinunua.

Sasa kwa nini ni vigumu kumwambia? Kwenye mazabodi, mbali na vihisi vya prosesa, kuna chipu ndogo, mara nyingi ya Nuvoton au ITE, inayopima volti, mzunguko wa feni na joto la sehemu mbalimbali. Chipu ile ile inauzwa kwa watengenezaji wengi wa mazabodi, na kila mmoja anaunganisha miguu yake apendavyo. Huyu ameweka feni ya prosesa kwenye mguu wa kwanza, yule kwenye wa pili, na miguu mingine wameiacha wazi. Volti ndiyo kabisa: chipu haiwezi kupima moja kwa moja waya wa volti 12, kwa hiyo mtengenezaji hupitisha umeme ule kwenye vipingamizi viwili ili ushuke, kisha kinachosomwa lazima kizidishwe kwa kiasi fulani ili upate volti halisi. Kizidishe hicho anakijua aliyechora ubao. Programu ya bure inabaki kukisia, na ikikosea utaona "12V" imeandikwa 8.3 na utakwenda kununua pawa saplai usiyoihitaji.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Washa kompyuta yoyote ya mezani, bonyeza Delete au F2 kabla mfumo haujapanda, uingie kwenye BIOS, programu ya ndani ya ubao inayoamka kwanza. Kwenye mazabodi nyingi utakuta ukurasa umepangwa vizuri: joto la prosesa, feni ya prosesa, volti 12, volti 5, kila kitu kwa jina lake na namba yake sahihi. Maarifa yote yamo ndani ya mashine, yameandikwa na mwenye ubao wake. Ukitoka pale, Windows au Linux ikapanda, majina yanabaki nyuma na unakabidhiwa "in0" mpaka "in14". Hakuna sheria ya fizikia inayolazimisha hivyo. Ni uamuzi tu wa kutoandika jambo ambalo tayari mtu analijua.

Mimi mwenyewe natumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, nyumbani, kwa hiyo najua na upande wa pili. Kifurushi cha kazi hii kinaitwa lm-sensors, jina lililotokana na chipu za zamani za National Semiconductor kama LM75 na LM78. Nawaheshimu sana waliokijenga, maana wamefanya kwa kujitolea kazi ambayo watengenezaji waliikataa. Lakini mfikirie mtu wa kawaida anayeandika sensors-detect, amri ya kutafuta vihisi. Anaulizwa kama achunguze basi hili (njia ya mawasiliano kati ya chipu), kama achunguze anwani ile, na anaonywa kwamba baadhi ya uchunguzi unaweza kuleta matatizo. Onyo lile lina historia: zamani uchunguzi wa namna hiyo uliharibu kumbukumbu ndogo kwenye baadhi ya laptopu za ThinkPad za IBM, zikakataa kuwaka kabisa. Kwa hiyo anayeulizwa anatakiwa ajibu ndiyo au hapana kwa swali ambalo wataalamu waliwahi kulikosea, na kilicho mezani ni mashine yake pekee.

Akivuka hapo, huenda chipu isionekane kwa sababu BIOS imeshaidai, na kerneli, moyo wa mfumo wa Linux, inakataa programu mbili zisigombee chipu moja. Ushauri utakaoukuta kila mahali ni kuongeza acpi_enforce_resources=lax kwenye mipangilio ya kuwasha. Yaani mwenye steshenari ndiye aamue kama ugomvi huo una hatari. Na akivuka hapo pia, anaona neno ALARM kwa herufi kubwa mistari saba, kwa sababu vikomo havijawekwa na vyote viko sifuri. Mstari mmoja unaitwa intrusion0, nao unadai kasha la kompyuta limefunguliwa, hata kama kasha hilo halina swichi ya kujua hilo. Mtu akishaona kengele saba za uongo, ya nane ikiwa ya kweli ataiamini vipi?

Windows nayo si nafuu. Task Manager, dirisha lake la kuonyesha matumizi ya mashine, ilianza kuonyesha joto la kadi ya picha mwaka 2020, lakini joto la prosesa haionyeshi. Programu za pembeni zinahitaji draiva inayoingia ndani kabisa ya mfumo, na iliyotumiwa na nyingi kwa miaka, WinRing0, ina udhaifu wa kiusalama uliosajiliwa mwaka 2020. Machi 2025 Microsoft Defender, kinga ya virusi ya Windows, ikaanza kuitangaza kuwa ni tishio, na watu waliotaka tu kudhibiti feni zao wakaona onyo jekundu. Defender haikukosea. Ila mtumiaji ameachwa achague kati ya usalama wa kompyuta na kujua kama inaungua.

Hata namba ikiwa sahihi, maana yake bado ni kazi. Mwaka 2017 AMD ilieleza kwamba prosesa zake za Ryzen 1700X na 1800X zilikuwa zinatoa namba iliyozidi joto halisi kwa nyuzi 20, kwa makusudi, ili feni ziendeshwe kwa namna moja kwenye prosesa zote. Kisha Ryzen 7000 za mwaka 2022 zikatengenezwa ziweze kukaa kwenye nyuzi 95 chini ya kazi nzito bila shida. Vilevile kipoza joto cha hewa hakiwezi kushusha joto chini ya lile la chumba. Chumba cha bati kisicho na kiyoyozi, saa nane mchana, si ofisi ya London. Mtu anayesoma "zaidi ya 70 ni hatari" kwenye ushauri wa huko atalala na wasiwasi bure.

Kuna wanaosema mtumiaji wa kawaida hana haja na haya, yanamhusu fundi. Nawajibu kwa daladala. Dereva hajui kufungua injini, lakini mbele yake kuna geji ya joto na taa nyekundu, na akiiona anaegesha pembeni. Hata simu ya mkononi ikipata joto kupita kiasi inakuandikia ipumzishwe. Kompyuta ya mezani, ambayo kwa mama mdogo ndiyo ada za watoto, inakufa kimya. Na fundi ninayemsikitikia ni yule wa kwanza pia: alibahatisha kwa sababu mashine haikumwachia hata mstari mmoja wa kusema "nimezima kwa joto".

Ninachotaka si kikubwa. lm-sensors tayari ina faili la mipangilio lenye maneno mepesi kama haya matatu: label la kutoa jina, ignore la kuficha mguu usio na kitu, compute la kurekebisha volti. Mtengenezaji anayeweka majina kwenye BIOS anaweza kuandika mistari ishirini na kuitoa pamoja na ubao wake. Na Windows iweke joto la prosesa palepale inapoweka asilimia za matumizi yake.

Kwa sasa, pale Mbagala, nimebandika karatasi pembeni ya skrini. Nimeandika jina la mstari mmoja wa kutazama, na chini yake majina matano ya kutoyajali, AUXTIN wote wakiwemo. Kila Jumatatu saa nane mchana mama mdogo ananitumia ujumbe. Wiki hii ameandika: "Baba, 71. Naendelea?"

Nikamjibu aendelee.