Eti Kongwa haijawahi kuona treni

Juzi tulikuwa kwenye kikao cha harusi Area D, hapa Dodoma mjini. Bibi harusi ni wa Kongwa, wilaya ya mkoa wetu huu huu, kwa hiyo tukafika kwenye usafiri wa wageni kutoka Dar. Kijana mmoja, msomi kabisa, akasema waje na treni mpaka Dodoma tuwachukue na Coaster, maana "Kongwa haijawahi kuona treni tangu dunia iumbwe". Watu wakacheka. Mimi soda ilinipalia.

Kongwa ilikuwa na reli! Ilichepuka stesheni ya Msagali kutoka Reli ya Kati, ikaenda Kongwa kubebea karanga.

Mwaka 1946 Waingereza, wakitaka kulima karanga kwa mashamba makubwa, walituma watu watatu kukagua ardhi Afrika Mashariki. Wiki tisa wakawa wamemaliza, sehemu kubwa wakichungulia kutoka kwenye ndege. Ukiwa juu huko, Ugogo wote, nchi ya Wagogo, ni shamba. Wangeshuka wakamuuliza bibi yeyote anayepepeta uwele, angewaambia kwamba mvua ya huku haina ahadi, na udongo wetu mwekundu ukikauka jembe linadunda. Hawakuuliza. Wakaleta matrekta, mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, kupigana na mibuyu. Januari 1951 mradi ukafutwa, pauni milioni 36 zimeteketea.

Hapo ndipo wengi huishia, wanamcheka Mzungu na karanga zake. Mimi kinachoniuma ni reli. Shamba lilipokufa, na yenyewe ikang'olewa. Ilikuja bila Mgogo kuulizwa, ikaondoka bila Mgogo kuulizwa. Kwamba mtu wa Kongwa naye ana mahindi ya kusafirisha, ana ng'ombe, ana mgonjwa, hilo halikuwamo kwenye hesabu. Karanga hakuna, reli ya nini? Sasa nenda soko la Kibaigwa, humo humo wilayani Kongwa, msimu wa mahindi uone mafuso yalivyojipanga. Mzigo waliouota wale wa kwenye ndege upo, umelimwa na watu wetu kwa jembe la mkono na trekta la kukodi, na wote unapita barabarani, gharama juu ya mkulima. (Najua, reli ile haikufika Kibaigwa. Msinirukie.)

Haya, pengine ingekufa tu. Tumeshindwa kuzitunza hata zilizobaki. Na SGR, reli mpya ya umeme, siipingi: tangu Julai 2024 nashinda Dar kwenye shughuli zangu na usiku nalala kwangu. Treni ya Mchongoko oyee. Ila tusijifanye reli imezaliwa juzi. Ile ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910.

Nilipomaliza hotuba yangu, bajeti ya keki ikiwa imesahaulika, yule kijana akaniuliza kwa adabu zote: "Sasa mzee wangu, ushahidi uko wapi?"

Nikabaki nimekodoa macho. Sijawahi kuona kibao hata kimoja kinachoitaja njia ile. Nimemwambia Jumamosi tunakwenda wote Msagali kutafuta lilipopita tuta. Mafuta analipa yeye.