Kipigo cha nyumbani kiandikwe kuwa cha nyumbani

Chukua hati ya mashtaka ya kawaida katika mahakama ya Kisumu au Nakuru, hapa Kenya, ya kosa la kumshambulia mtu na kumdhuru mwilini, kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu. Utaona jina la mshtakiwa, tarehe, mtaa na kaunti, kisha kwamba alimshambulia fulani kinyume cha sheria. Basi. Kama fulani huyo ni mkewe aliyeishi naye miaka kumi au mlevi waliyegombana naye nje ya baa kule Kondele, hati haisemi. Kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, mambo hayatofautiani sana: mlalamishi "ameshambuliwa na mtu anayemfahamu". Huyo anayemfahamu anaweza kuwa mume, shemeji, mtoto wake wa kumzaa au jirani wa ploti.

Wanaotaka uhusiano huo uonekane katika rekodi za jinai husikika kana kwamba wanataka ndoa za watu zianikwe hadharani. Wanachoomba ni kidogo kuliko hicho. Kesi inayomhusu mtu wa nyumbani ipewe alama ya kuonyesha hivyo, kuanzia OB hadi hukumu, na alama hiyo iambatane na alama za vidole za mshtakiwa popote anapohamia.

Sheria ya Kulinda Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 ilizieleza dhuluma hizo kwa mapana, mpaka mke kurithiwa kwa lazima na wakwe kuingilia mambo ya ndoa. Ilileta pia amri za ulinzi, na anayezivunja anaweza kufungwa hadi miezi 12, kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au yote mawili. Lakini kipigo chenyewe bado hushtakiwa kwa Kanuni ya Adhabu.

Kinachonisumbua zaidi ni maneno machache yanayosemwa kila siku kabla ya hukumu. Hakimu anauliza rekodi za mshtakiwa. Mwendesha mashtaka anajibu kwamba hana rekodi za awali, achukuliwe kama mkosaji wa mara ya kwanza. Hakuna anayedanganya hapo. Karatasi ndivyo zinavyosema. Lakini fikiria yanayoweza kutangulia. Kipigo cha kwanza kilifika kituo cha polisi cha Bondeni, Nakuru, kikaandikwa kwenye OB, wazee wakakaa, mama akaiondoa kesi, jambo ambalo kifungu cha 204 cha sheria ya taratibu za jinai kinaruhusu. Cha pili kilikuja baada ya familia kuhamia Kisumu, na kitabu cha OB cha Nakuru hakikuhama nao. Kipigo cha tatu ndicho kikafika kwenye hukumu, na mwanamume akapata nafuu ya mgeni wa mahakama. Aliyejua ni mara ya ngapi ni yule mama peke yake, naye alikuwa ameshateremka kizimbani.

Kwa sababu rekodi zetu haziulizi nani kampiga nani, picha ya ukubwa wa tatizo tunaipata kwa watafiti wanaobisha hodi mlango kwa mlango. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uligundua kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wafikishe miaka 15. Kwa wanaume ni asilimia 27. Takwimu hiyo ya pili ingepaswa kuwatuliza wanaodhani alama hii ni silaha ya wanawake: mwanamume anayepigwa nyumbani naye hupotea ndani ya "mtu anayemfahamu".

Septemba 2024 mwanariadha Rebecca Cheptegei wa Uganda alichomwa moto kwa petroli huko Endebess, Trans Nzoia, akafariki siku nne baadaye katika hospitali ya Moi, Eldoret. Jamaa zake waliwaambia wanahabari kwamba alikuwa ameenda polisi angalau mara tatu kumlalamikia mwenziwe wa zamani. Sidai kwamba alama kwenye kitabu ingemwokoa. Nasema afisa anayempokea mtu mara ya tatu anapaswa kuona mbele yake ile ya kwanza na ya pili, zikiwa zimeunganishwa, bila kutegemea kumbukumbu ya nani yuko zamu.

Wanaopinga wana hoja nzito, na ya kwanza ni cheti cha maadili mema, kile cha polisi kinachoonyesha kama mtu amewahi kuhukumiwa. Askari wa kampuni ya ulinzi Nakuru, dereva, dada anayetafuta kazi Ughaibuni, wote huwekwa alama za vidole ili wakipate. Hukumu moja yaweza kufunga milango yote. Mke anajua hilo kuliko wakili: mume akikosa kazi, kodi ya nyumba Nyalenda na karo vitatoka wapi? Anaweza kunyamaza kwa sababu hiyo tu. Kuna pia madai ya uongo, hasa penye ugomvi wa shamba au wa watoto.

Ila hukumu huonekana kwenye cheti hata leo, iwe kosa lilifanyika nyumbani au barabarani. Alama ya uhusiano haiongezi hukumu yoyote. Nayo inaweza kuwa ya macho ya polisi, waendesha mashtaka na mahakimu pekee, mwajiri asiione, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa msingi wa kuizuia isivuje.

Katika jambo moja nakubaliana na wapinzani kabisa. Kesi iliyoondolewa si hukumu, na kifungu cha 50 cha Katiba kinamlinda mshtakiwa kama asiye na hatia. Isisomwe kamwe wakati wa kutoa adhabu. Mahali pake ni dawati la jinsia kituoni, imsaidie afisa kupima hatari mama anapobisha saa nane usiku, na ifutwe ikipita miaka kadhaa bila lalamiko jipya.

Kwa upande wa OB hatuna haja ya kusubiri Bunge. Vitabu hivyo huandikwa kwa kufuata amri za kudumu za polisi, na anayezitoa ni Inspekta Jenerali. Safu moja zaidi ya kuandika uhusiano inatosha kuanzia.