Kutoka Kituo cha Fire hadi Posta kwa Miguu

Mwezi wa kwanza nilipoanza kwenda kazini kwa miguu, jirani yangu alinisimamisha njiani akaniuliza, kwa sauti ya huruma, kama gari limeharibika. Nilipomjibu kwamba gari ni zima na lipo nyumbani, alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama mambo ya kazini yanakwenda vizuri. Sikumlaumu. Hapa Dar es Salaam mtu mzima mwenye kazi yake akionekana anakata mitaa kwa miguu, watu humtafutia sababu: ama kapungukiwa, ama kuna jambo limemkuta. Naandika makala haya kwa kuwa naamini fikra hiyo inatuumiza, na kwamba kutembea kunastahili kurudishwa mahali pake pa asili, ndani ya shughuli zetu za kila siku, badala ya kuachiwa watoto wa shule, wachuuzi na waliokosa nauli.

Mimi mwenyewe nilifika huko kwa kulazimika. Vipimo vya sukari vilikuwa vimeanza kupanda, ingawa havijafikia kiwango cha ugonjwa, na daktari akanitaka niushughulishe mwili. Nikalipia jimu miezi mitatu, nikahudhuria wiki tatu. Kila jioni palikuwa na udhuru wa kweli: foleni, mvua, wageni nyumbani, msiba wa mtaa wa pili. Kilichonifaa hatimaye ni jambo dogo sana, nalo ni kuliacha gari, kupanda mwendokasi, na kushuka kituo cha Fire badala ya kuendelea na basi hadi Posta ya Zamani. Kutoka Fire napita chuo cha DIT na Kisutu, begi begani, kwa mwendo wa mtu anayewahi kazini, na nafika ofisini kabla nusu saa haijatimia. Jioni narudi vivyo hivyo. Sihitaji nguo za mazoezi wala ada, na hakuna saa ninayolazimika kuitenga, kwa kuwa safari yenyewe ilikuwa lazima niifanye. Baada ya miezi minane vipimo vilikuwa vimeshuka, ingawa sitadai kwamba ni kazi ya miguu peke yake, maana na soda niliacha.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote katika jambo hili unatoka kwa makonda. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Ndani ya basi lile lile walikuwamo watu wawili, dereva aliyekaa kitini siku nzima na konda aliyepanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Walikuwa wafanyakazi wa shirika moja, wenye maisha yanayofanana kwa mengi, lakini ilionekana kwamba makonda walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva, na hata walioyapata hawakuuawa nayo kwa wepesi ule ule. Tofauti ya namna hiyo ilionekana pia kati ya wasambaza barua, waliozunguka kwa miguu na baiskeli, na makarani waliokaa mezani. Morris aliishi hadi mwaka 2009, akafariki akiwa na umri wa miaka 99. Kinachonigusa katika habari hii ni kwamba makonda wale hawakuwa wakifanya mazoezi. Walikuwa kazini, wakitafuta riziki, na afya ikawafuata humo humo bila wao kuipangia ratiba.

Yanayotendeka mwilini si mafumbo. Kigimbi kikikaza na kulegea kila unapopiga hatua, huikamua mishipa inayorudisha damu moyoni kutoka miguuni, mishipa ambayo ndani yake mna vilango vinavyozuia damu isirudi chini. Ndiyo maana anayekaa kitini kutwa huvimba miguu. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu kwa njia yake, hata pale insulini, kichocheo cha mwili kinachopunguza sukari katika damu, inapokuwa imeanza kulegea, na kwa hiyo matembezi mafupi baada ya mlo wa ugali au wali yana faida ambayo mtu mwenye kipimo cha sukari anaweza kuiona siku hiyo hiyo.

Wengi hukata tamaa kwa kusikia kwamba bila hatua 10,000 kwa siku hakuna kitu. Idadi hiyo haikutoka hospitalini. Ilienea kutoka Japani, ambako mwaka 1965 kiliuzwa kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Mwaka 2019 mtafiti I-Min Lee na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake wa Marekani wenye umri wa wastani wa miaka 72, na ikaonekana kwamba waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikufa kwa kiwango kidogo kuliko waliotembea 2,700, na kwamba nafuu hiyo iliendelea kuongezeka hadi kufikia kama hatua 7,500, kisha ikatulia. Nalo Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za shughuli ya wastani kwa wiki, ambazo ni nusu saa kwa siku tano. Safari yangu ya asubuhi peke yake inakaribia kuitimiza.

Sasa tuitazame mitaa yetu. Mtu anashuka kituoni, nyumba yake iko mita mia nne, anaita bodaboda na kulipa. Anatumwa chumvi, anawasha gari. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, na mimi nimeuona ukweli wake kwa macho, kwa kuwa tangu nilipoanza kutembea nimefahamu mambo ya mtaa wangu ambayo kwa miaka tisa niliyapita nikiwa nimefunga vioo. Sasa najua ni mzee gani anayekaa barazani saa kumi na mbili asubuhi akisubiri shikamoo. Turubai la msiba nikiliona, naingia kutoa pole siku ile ile, sisubiri kuambiwa wiki inayofuata kwamba mtu ameshazikwa.

Hata hivyo, sitaki kuusifu mguu kana kwamba njia ni za wote. Wapo wanaotoka Mbagala au Manzese alfajiri hadi Kariakoo kwa sababu nauli ndiyo chakula cha mchana, na kuwaambia hao kwamba kutembea ni afya ni kuwatukana. Wanachohitaji ni njia salama. Njia za waenda kwa miguu pale zilipo zimegeuzwa maegesho, nyingine hukatika ghafla na kukutupa barabarani kati ya bodaboda na malori, na katika mitaa mingi taa hakuna, jambo ambalo mwanamke anayerudi saa mbili usiku analielewa kuliko mimi. Kivuli nacho ni miundombinu, ingawa hakihesabiwi: palipo na mwarobaini au mkungu mtu hutembea hata saa sita mchana, na palipokatwa miti ili kupanua barabara, jua la mwezi wa pili humrudisha ndani ya gari yeyote mwenye gari.

Mama yangu mkubwa, aliyezoea kwenda sokoni kwa miguu kila Jumamosi na kikapu chake, aliacha safari hiyo mwaka juzi. Magoti yake yalikuwa bado yana nguvu. Kilichomzuia ni kifuniko cha mtaro kilichoibiwa kwenye kona ya mtaa wao, na shimo lililobaki wazi, ambalo tulilitolea taarifa mara tatu. Kwa miezi kumi mboga alikuwa akiletewa, na katika miezi hiyo kumi nilimwona akizeeka kuliko alivyozeeka katika miaka kumi iliyotangulia. Mwishowe vijana wa mtaa walichanga, wakatandika mbao mbili nene juu ya shimo na kuzipigilia misumari. Jumamosi iliyofuata alipita juu yake, mkono mmoja umeshika bega la mjukuu, mwingine umeshika kikapu, na aliporudi saa nne alikuwa na habari za soko zima.